Dawa ya Avelina

Pwani ya Ufaransa, 14 Januari 2024

Kwa kaka Zenon, na mama yetu Albina anayesikiliza, na wanajumuiya wote mliokaa hapo uani,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua mmeitikia, kwa hiyo naendelea.

Mama, shikamoo. Kaka ameniambia hutaki tena habari za simu, kwamba kwenye simu watu wanasalimiana tu mpaka salio linakwisha, na kwamba unataka barua isomwe kama zamani, siku jumuiya inapokutana kwetu. Basi naandika kwa mkono, napiga picha, namtumia Zenon kwenye simu yake. Akikwama kwenye mwandiko wangu mvumilieni. Wa kwake ni mbaya zaidi.

Umeuliza kazi yangu huku ni ipi hasa, maana watu wanakuuliza na huna jibu. Mama, nafuga. Nimesoma miaka yote ile ili nije kufuga. Mifugo yangu inaitwa yavuyavu, kiumbe wa baharini asiye na mfupa wala damu, ukimtazama unaona upande wa pili. Akizaliwa ni kama punje ya ulezi, na akikomaa sana anafikia kitufe cha shati. Nawalisha, nawabadilishia maji, nasafisha vyombo. Krismasi nimewalisha, mwaka mpya nimewalisha. Ninyi wenye ng'ombe mnajua kuwa mfugo haujui sikukuu.

Wataalamu wanampenda kwa sababu mwili wake hauna siri. Unaliona yai likiiva ndani yake. Ukimweka gizani kisha ukawasha taa, anataga. Na kubwa kuliko yote ni hili: tukimkata, jeraha linafunga siku hiyohiyo na kovu halionekani. Tukimwondoa mdomo, unaota mwingine. Maabara yetu inatafuta kujua anafanyaje, ili siku moja ijulikane kwa nini vidonda vingine vya watu vinakataa kupona.

Kidole chako cha mguu kinaendeleaje? Kaka anasema ni mchubuko wa kiatu tu. Nenda wakakipime, na sukari wapime pia. Mguu wa mwenye kisukari si wa kufanyia mzaha.

Nimechoka kidogo lakini mzima. Nawasalimu wote.

Mwanao,
Avelina

*

Mwazye, 7 Februari 2024

Mdogo wangu Avelina,

Barua yako nimeisoma mbele ya jumuiya. Ilibidi nirudie mara mbili pale pa jeraha kufunga siku hiyohiyo. Mama Josefina, katibu wetu, alipiga vigelegele. Mzee Teodori, yule aliyekatwa vidole na mashine ya kupukuchua mahindi, ameniuliza kama vidole navyo vinaota au ni mdomo tu. Nimemwambia nitakuuliza.

Sasa habari yenyewe. Nilimpeleka mama mjini Sumbawanga. Kidole kimekuwa cheusi na cha jirani yake kimeanza. Daktari anataka kukata vidole vyote vya mguu ule kabla uozo haujapanda. Mama amekataa. Amemwambia daktari, "Mwanangu anatengeneza dawa ya vidonda Ulaya, nitamsubiri." Daktari akanitazama mimi. Mimi nikatazama dirisha.

Tumerudi nyumbani. Naosha kidonda asubuhi na jioni, katikati ya hapo niko kwenye palizi. Mvua imekuwa nyingi, magugu yanashinda mahindi. Klementina na watoto hawajambo, wamesafiri kidogo.

Niambie ukweli: hiyo dawa iko hatua gani? Na hao wadudu wako huko kwenye chumvi peke yake, au hata huku kwetu wapo?

Kaka yako,
Zenon

*

Pwani ya Ufaransa, 11 Februari 2024

Kaka Zenon,

Shikamoo. Hii msomee mama vizuri, neno kwa neno, hata kama jumuiya yote ipo.

Mama, hakuna dawa. Sijasema ipo na sitaki usubiri. Tunachofanya ni kuangalia kiumbe mdogo anavyojiponya, na kuuliza maswali. Kati ya swali na kidonge kuna miaka mingi, pengine mimi mwenyewe nitazeeka sijaona kidonge hicho. Mwili wa yavuyavu si mwili wa mtu. Nakuomba ukubali vidole vikatwe. Ukingoja, watakata mguu. Ukingoja zaidi, sitaki kuandika.

Umwambie Mzee Teodori pole, vidole havioti.

Ulichouliza, kaka: ndiyo, hata ziwa letu Tanganyika lina yavuyavu wake wa maji yasiyo na chumvi, wadogo, wanaojitokeza juu kwa makundi baadhi ya siku. Watu wa Kasanga wanawajua. Wasomi waliwaandika tangu zamani sana.

Mimi sitaweza kuja mwaka huu. Mkataba wangu unaangaliwa upya mwezi wa sita, na anayeondoka katikati anakuta kiti kina mtu. Nakaa na maji baridi mpaka vidole vinakufa ganzi, narudi chumbani sina hata hamu ya kupika. Lakini najua wewe ndiye unayebeba mzigo. Nisamehe kwa kuwa mbali.

Avelina

*

Mwazye, 3 Machi 2024

Mdogo wangu,

Barua imesomwa. Mama ametulia, anakula, anasali. Vidole tutaona.

Nataka kuuliza kitu cha kazi yako. Hao wa ziwani, ukiwachota, wanaweza kuishi kwenye ndoo? Safari ya kutoka Kasanga mpaka huku kwetu milimani watafika wazima? Wanataka nini?

Nina haraka, simu inakwisha chaji.

Zenon

*

Pwani ya Ufaransa, 6 Machi 2024

Kaka yangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama katikati ya vyombo vyangu, na nimecheka peke yangu kwa furaha. Tangu nianze kazi hii hujawahi kuniuliza swali hata moja juu yake. Baba akiwa hai alikuwa anasema wewe ndiye uliyekuwa na kichwa cha sayansi, ila mtoto wa kwanza hana bahati, anarithi jembe. Huenda alikuwa sahihi.

Haya, sikiliza. Uwachote na maji yaleyale waliyokuwa wanaelea, usiwamiminie maji ya kisima. Ndoo isiwe imewahi kutiwa sabuni. Uwachote kwa kikombe, usiwashike kwa mkono wala usiwachuje kwa kitambaa, watachanika. Kivuli njia nzima, na ndoo isijazwe sana wala isitikisike ovyo. Huku kwetu tunawawekea hata vyombo vinavyozungusha maji taratibu ili wasilale chini. Kwa safari ya siku moja watavumilia.

Ukiwapata waonyeshe watoto. Waambie hivyo ndivyo shangazi yao anavyofuga. Na mama aoneshwe pia, atafurahi.

Mama amekubali lini kwenda hospitali? Hujanijibu.

Avelina

*

Mwazye, 22 Aprili 2024

Mwanangu Avelina,

Mimi ni Josefina, mama yako wa jirani, katibu wa jumuiya. Namba yako nimeipata kwa Klementina, mke wa kaka yako. Nimempigia huko Kaengesa kwa wazazi wake, aliko na watoto tangu kabla ya Krismasi. Kama hukuambiwa, basi ndiyo nimekuambia. Mdomo wangu haujawahi kuwa na mlango, hilo unalijua tangu utoto wako.

Mwanangu, sina nia ya kuchonganisha ndugu. Ila leo Mzee Teodori alimuuliza kaka yako mbele yetu umesemaje kuhusu vidole vyake, kaka yako akasema barua haikutaja. Halafu mimi nikiwa namchajia simu kwenye sola yangu, nikaona ile barua yako. Nisamehe, niliisoma. Imemtaja Teodori kwa jina. Na imesema hakuna dawa.

Sisi hatukusomewa hivyo. Sisi tulisomewa kwamba dawa imekaribia, na kwamba wa ziwani ni ndugu wa wale wa baharini, wanafaa kwa kuanzia. Tuliimba siku ile. Tukasali novena, siku tisa.

Christopha, muuza dagaa, ndiye aliyetumwa. Alikuja na ndoo kutoka Kasanga ameikumbatia kwenye pikipiki kama mtoto. Walikuwa wazima, mwanangu, wanapumua kama mdomo wa samaki, wanafungua na kufunga, nikasema kweli Mungu ni fundi. Zenon akawachota kwa kikombe, akawaweka juu ya kidonda, akafunga na kitambaa cheupe. Akamwagia na yale maji ya ziwa kila kilipokauka, maana alisema wewe umeandika wasitolewe kwenye maji yao.

Harufu ilianza wiki hiyohiyo. Sasa mguu umevimba hadi gotini na mama anatetemeka mchana kweupe. Nimemwambia Zenon leo, kesho asubuhi tunakodi gari, aende Sumbawanga apende asipende. Alikaa chini palepale mlangoni.

Mwombee mama yako. Na kaka yako umwandikie kwa upole, amekonda.

Mama Josefina

*

Pwani ya Ufaransa, 23 Aprili 2024

Zenon,

Nimeandika "hakuna dawa." Nimeandika "neno kwa neno." Ukasoma nini? Ulisimama mbele ya mama na simu mkononi ukatunga?

Nikakufundisha mwenyewe namna ya kuwasafirisha. Nilikuwa nacheka, Zenon. Nilidhani kaka yangu hatimaye ameona kazi yangu ina maana. Kumbe nilikuwa napaka uchafu wa ziwa kwenye kidonda cha mama kwa mkono wangu.

Na Klementina "amesafiri kidogo." Toka Desemba!

Nipigie. Usipotaka kupiga, andika. Nataka kujua kama yuko hai.

Avelina

*

Sumbawanga, wodini, 27 Aprili 2024

Avelina,

Yuko hai. Wamekata juu ya goti. Alikaa siku kadhaa hajitambui, jana amefungua macho akaomba uji. Sikukupigia kwa sababu nikisikia sauti yako nitalia, na hapa wodini wanaume wengine wote wametulia.

Umeuliza nilisoma nini. Nilisoma nilichoweza. Nilifika kwenye "hakuna dawa" nikainua macho, nikamwona mama amekaa mbele kwenye mkeka, amevaa kitenge chake cha kanisani, amewaalika watu waje wasikie. Tangu barua yako ya kwanza alikuwa ameanza kula tena. Kabla ya hapo alikuwa anasukuma sahani. Wewe ungesoma?

Halafu ile ndoo. Mfa maji haachi kutapatapa, Avelina, na mimi nilikuwa nimezama siku nyingi. Mke wangu aliondoka kwa sababu nilikuwa nimegeuka mtu asiyeongea. Anasema alikuwa anaishi na kivuli. Natoka shamba naosha kidonda, napika, nafua nguo za mama, nakamua ng'ombe, naanza upya. Sikukuambia kwa kuwa ungefanya nini? Fimbo ya mbali haiui nyoka. Wewe unaandika "nisamehe kwa kuwa mbali," halafu unaenda kulisha wadudu wa vioo. Mimi wangu ni mtu, ana uzito, na analia nikimgeuza.

Ndiyo, nimemharibia mama mguu. Kama wangekata vidole Februari angekuwa anatembea. Huna haja ya kuniandikia hilo, nalisoma mwenyewe kila wanapofungua bendeji.

Lakini usiniambie kwamba hujafurahi hata kidogo jumuiya ilipoimba kwa ajili yako. Ile barua ya kwanza uliiandika kwa wanajumuiya, si kwa mama.

Zenon

*

Pwani ya Ufaransa, 5 Mei 2024

Kaka,

Nimekaa na barua yako wiki nzima. Hilo la mwisho ni kweli. Nilitaka wasikie kwamba sikupotea bure.

Nilikuwa nimejiandaa kukugombeza na hasira imeniishia, nimebaki nimechoka tu. Leo nimesimama mbele ya yavuyavu mmoja tuliyemkata jana. Amejikunja, amefunga, anaogelea kama hakuna kilichotokea. Nimemwonea wivu, na nikamchukia.

Mama anasema nini? Je, anataka nimwandikie? Muulize.

Avelina

*

Sumbawanga, wodini, 19 Mei 2024

Avelina mwanangu,

Ninayesema ni mimi mama yako. Anayeandika ni Zenon. Nimemwambia aandike ninavyosema, asipunguze wala asiongeze, maana kuongeza tunajua anaweza.

Nimeletewa barua zako zote. Zimesomwa na sista wa hapa wodini, polepole, moja baada ya nyingine. Ile ya "hakuna dawa" haikunishtua. Niliijua. Zenon akisoma mwandiko wako hukwama, anarudi, anakohoa, anauliza hili ni neno gani. Siku ile alisoma kama maji ya mfereji, hakukwama hata mara moja. Hakuna mtu anayesoma hivyo. Mtoto niliyemzaa mwenyewe anidanganye nisimjue?

Basi mbona nilinyamaza? Nitasema, na Zenon aandike hata hapa.

Nilimwona Klementina anafunga mizigo. Nilimwona mwanangu, mwanaume, anafua nguo zangu nyuma ya nyumba ili majirani wasimwone. Nikajiambia: nikiwa na miguu miwili, hata mmoja ukiwa mbovu, nashika ukuta nafika chooni mwenyewe. Wakianza kukata hawataacha kwenye vidole, niliwaona wa aina yangu huku Sumbawanga. Nikibaki na mmoja atanibeba. Atanibeba mpaka lini? Nikaona afadhali kidonda kinimalize nikiwa nasimama, yeye arudishe mke wake. Dawa yako ilikuwa kisingizio changu kwa daktari. Nilimdanganya Zenon kuwa naamini, na Zenon alinidanganya kuwa ipo. Wote wawili tukala vizuri.

Na ile ndoo, Zenon asijiue nayo. Nilikuwa na mdomo, ningekataa. Niliacha anifunge wale viumbe kwa sababu siku ile alikuwa anatabasamu. Alikuwa ameinama juu ya ndoo, anawachota mmoja mmoja kwa kikombe kama ulivyomwagiza, ananiita, "Mama, tazama, anapumua." Sijamwona hivyo tangu baba yenu afe. Ningewezaje kumwambia funika?

Kalamu imesimama. Zenon, andika.

Sasa mguu umekwenda na mimi nimebaki. Nilichokikimbia kimenikuta, ananibeba. Ana mikono mizuri, haniumizi. Lakini akiniinua sikio langu liko kifuani kwake, na nasikia moyo unavyokwenda mbio kama wa mtu aliyetoka ziwani kwa miguu. Anasinzia amekaa. Anasinzia hata akinilisha, kijiko kinasimama hewani namsubiri.

Mwanangu, sikuombi dawa. Sikuombi hata pole, pole ninazo nyingi, jumuiya wameleta. Mwanangu mmoja ameisha nguvu na mwingine yuko hai mbali. Njoo ushike zamu.

Mama yako,
Albina

Avelina, ni mimi Zenon. Haya yote amesema yeye. Nilitaka kuruka pale pa kijiko, akaniambia anasikia kalamu ikiruka. Sijui kama kalamu inasikika. Nimeandika yote.

*

Pwani ya Ufaransa, 28 Mei 2024

Kaka Zenon,

Shikamoo.

Nimemwambia mkubwa wangu kwamba naondoka kabla ya mkataba kuangaliwa. Amesema hawezi kuahidi kwamba nitakuta nafasi. Nimemwambia najua. Vyombo vyote nimemkabidhi msichana mpya, nimemwonyesha namna ya kulisha.

Nimempigia Klementina. Hakusema atarudi. Aliuliza kama unakula. Nikasema aje aangalie mwenyewe. Halafu akauliza nitafika lini.

Nitashuka Mbeya, nitapanda basi la Sumbawanga, Jumamosi nitakuwa mjini. Hospitali nitauliza njia. Nitamgeuza mama mimi, nitamwosha mimi, na akilia nitamsikia mimi. Bado sijui kubeba mtu, utanifundisha ukiamka.

Usije stendi kunipokea. Lala.

Mdogo wako,
Avelina